Vijana Wanaoitetemesha Ardhi Ndani ya Kompyuta

Kuna kazi ambazo mzazi huweza kumwonyesha jirani. Mwana akiwa seremala, kabati lipo sebuleni; akiwa mwashi, nyumba imesimama; akiwa muuguzi, wagonjwa aliowahudumia humwamkia njiani. Lakini yuko kijana mwingine ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta mwaka baada ya mwaka, akiitetemesha nchi ambayo haimo ila katika hesabu zake, na jioni akirudi nyumbani hana cha kuonyesha mkononi. Mama yake akiulizwa, "Mwanao anafanya kazi gani huko aliko?" atajibu nini?

Jibu lipo, tena ni jibu la heshima. Kijana huyo anajifunza kujua mapema jinsi ardhi itakavyotikisika chini ya nyumba za watu siku tetemeko litakapofika. Elimu yenyewe huitwa seismolojia ya kompyuta, yaani elimu ya matetemeko ya ardhi inayotegemea mashine za kukokotoa. Ni elimu ngumu na ya gharama, na huko Ulaya ilionekana wazi kwamba si rahisi chuo kimoja kuifundisha peke yake kwa ukamilifu. Ndipo mwaka 2004 ulipoanza mtandao wa kuwafunza wanasayansi vijana uliopewa jina la SPICE, ukaendelea hadi mwaka 2007. Habari za mtandao huo zinastahili kusomwa na kila familia yenye mtoto apendaye hesabu, na kila familia inayolala chini ya paa.

UJI NA MEZA

Ndugu msomaji, tuanze na tetemeko lenyewe. Miamba iliyo chini yetu husukumana polepole sana, kwa miaka mingi na hata kwa karne. Mahali inaposhikana hujikunja kama fimbo inayopindwa mikononi. Siku moja fimbo huvunjika: miamba huteleza ghafla katika ufa wake, na nguvu iliyokuwa imefungwa humo hutoka na kusambaa pande zote kwa mawimbi. Wimbi la kwanza, ambalo hubana na kuachia, hukimbia katika miamba migumu kwa mwendo wa kiasi cha kilometa 6 kila sekunde. La pili, ambalo huitikisa ardhi upande kwa upande, hufuata kwa mwendo wa kiasi cha kilometa 3.5. Aghalabu ni hili la pili, pamoja na mawimbi yatambaayo juu ya uso wa nchi, ambayo huangusha kuta.

Laiti dunia ingekuwa kitu cha namna moja, mfano wa tufe la chuma, mwendo wa mawimbi hayo ungeweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Lakini sivyo ilivyo. Chini ya mtaa mmoja pana mwamba. Chini ya mtaa wa pili pana mchanga, mfinyanzi na maji. Weka bakuli la uji juu ya meza, kisha uigonge meza kwa ngumi. Meza hutulia mara moja, lakini uji huendelea kuyumba. Ndivyo ulivyo udongo laini: hulipokea wimbi, hulikuza, kisha hulizuia lisitoke upesi.

Wakazi wa jiji la Mexico waliyaona hayo tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilizuka kwenye pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilometa 350 kutoka jijini. Kwa umbali huo mtu angetarajia mtikisiko wa kutisha tu, si maafa. Lakini sehemu kubwa ya jiji hilo imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tope hilo liliyumba huku na huko, mara moja kila sekunde 2 hivi. Na majengo ya ghorofa za kadiri, ambayo kwa kimo chake huyumba kwa mapigo yanayokaribiana na hayo, yaliporomoka kwa wingi. Watu walikufa kwa maelfu. Kumbe mitaa iliyokuwa juu ya mwamba, katika jiji lile lile na asubuhi ile ile, ilipata madhara madogo. Tofauti kubwa ilikuwa kile kilichokuwa chini ya msingi.

HESABU ISIYOTOSHA KWA KALAMU

Kazi ya kompyuta ni kuijenga nchi upya kwa tarakimu. Mwanasayansi huigawa ardhi katika vijisanduku, na kila kijisanduku hukipa sifa zake: ugumu wake, uzito wake, na jinsi kinavyolimeza wimbi linapopita. Kisha huivunja miamba ndani ya mashine, na mashine hukokotoa namna kila kijisanduku kinavyomsukuma jirani yake, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa ni sehemu ndogo tu ya sekunde.

Tuchukue mfano. Mtu akitaka kuchunguza eneo lenye urefu wa kilometa 100, upana wa kilometa 100, na kina cha kilometa 30, na akaligawa katika vijisanduku vya mita 100 kila upande, atapata vijisanduku milioni 300. Akitaka kuona vizuri zaidi, apunguze kila upande uwe mita 50, idadi haitaongezeka mara mbili bali mara nane, yaani itafika bilioni 2.4. Tena, kwa kuwa vijisanduku vidogo hudai hatua fupi za wakati, kazi nzima huwa mara 16. Hivyo kila anayetaka kuona kwa undani zaidi hulipa kwa saa za mashine, na saa hizo ni fedha.

Mwaka 2003, Dimitri Komatitsch, Jeroen Tromp na wenzao walitunukiwa Tuzo ya Gordon Bell kwa kukokotoa mawimbi ya tetemeko yakipita katika dunia nzima. Walitumia kompyuta ya Japani iliyoitwa Earth Simulator, na ndani yake vichakato 1,944 vilifanya kazi kwa pamoja. Kazi hiyo iliwaonyesha watu kwamba jambo hili lawezekana.

Hata hivyo mashine, hata ikijaza ukumbi, haijui lolote kuhusu ardhi mpaka ifundishwe. Anayeifundisha hana budi kuijua fizikia ya mawimbi, hesabu za juu, lugha za kuandikia programu, habari za miamba, na ustadi wa kusoma michoro ya mitambo inayonakili mitetemo. Ni nadra mwalimu mmoja kuyamiliki yote hayo. Chuo hiki kina bingwa wa hesabu, kile kina mitambo ya kupimia, cha tatu kina wajuzi wa nyufa za ardhi. Kijana aliyefungiwa katika kimoja hutoka na elimu ya mguu mmoja.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mtandao wa SPICE uligharimiwa na Umoja wa Ulaya kupitia mpango wake wa mafunzo uliobeba jina la Marie Curie. Uliratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilian mjini Munich, Ujerumani, chini ya Profesa Heiner Igel, ukaunganisha vyuo na taasisi za nchi nyingi. Miongoni mwa miji iliyoshiriki ilikuwamo Paris nchini Ufaransa, Zurich nchini Uswisi, Utrecht nchini Uholanzi, Oxford nchini Uingereza, Dublin nchini Ireland, na Bratislava nchini Slovakia.

Jina la Marie Curie halikuchaguliwa bure. Mama huyo alizaliwa Warsaw mwaka 1867, wakati ambapo chuo kikuu cha mji wake hakikuwapokea wanawake. Mwaka 1891 alifunga safari kwenda Paris kusoma, na huko akafikia kutunukiwa Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na mwaka 1911. Masharti ya mpango ulioitwa kwa jina lake yalifuata nyayo zake: kijana aliyetaka nafasi alitakiwa, kwa kawaida, ahame kwao. Hakutakiwa kukaa katika chuo cha nchi yake mwenyewe, karibu na mama na marafiki, akiendelea kufundishwa na mwalimu yule yule aliyemfundisha tangu mwanzo.

Kuhama, kama tujuavyo sote, si jambo la mtu mmoja bali la jamaa nzima. Yuko mchumba anayeachwa, yuko mzazi anayezeeka, yuko mtoto atakayeanza shule kwa lugha asiyoijua. Waliopanga mpango huu walilifikiria hilo. Pamoja na mshahara wa mkataba wa ajira, kijana alipewa posho ya uhamisho, na posho hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa mwenye familia. Kadhalika ilikuwamo posho ya safari. Huenda wengine wakaona hayo ni mambo madogo mbele ya sayansi. La hasha. Akili inayowaza kodi ya nyumba na homa ya mtoto haiwezi kutulia juu ya milinganyo ya mawimbi. Taifa au umoja wowote unaotaka wataalamu sharti uhesabu pia gharama za nyumbani kwao.

Faida ya kuhamishana vijana ilikuwa kwa pande zote mbili. Mgeni alifika na mbinu aliyoizoea kwao, akaikuta mbinu nyingine. Mwenyeji naye aliulizwa maswali ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kumwuliza, kwa kuwa walizoea kuyaona mambo kama anavyoyaona yeye. Mara kwa mara mtandao ulikutana mahali pamoja: mwaka 2005 katika ngome ya Smolenice nchini Slovakia, mwaka 2006 katika mji wa bandari wa Kinsale nchini Ireland, na mwaka 2007 huko Cargèse katika kisiwa cha Corsica. Katika mikutano ya namna hiyo mwanafunzi husimama mbele ya mabingwa aliosoma vitabu vyao, akaeleza kazi yake na kuitetea. Hapo ndipo ajuapo kama ameelewa au amekariri.

WAPISHI WENGI, MCHUZI MMOJA

Wahenga walionya kwamba wapishi wengi huharibu mchuzi. Katika elimu hii mambo ni kinyume: mchuzi usioonjwa na wapishi wengi ni wa hatari.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Programu ya kompyuta ikikosewa, haipigi kelele. Hutoa picha nzuri za mawimbi yenye rangi, yakipita milimani na mabondeni, na mtazamaji asiyejua huvutiwa. Mwandishi wa programu naye ni binadamu. Huipenda kazi yake kama mzazi ampendavyo mwanawe, na si rahisi aone kilema chake. Lakini kama matokeo ya programu hiyo yatatumiwa na mhandisi kukadiria unene wa nguzo za hospitali, basi kosa dogo la alama moja laweza kubaki limelala kimya mpaka usiku wa maafa.

Kwa ajili hiyo SPICE iliweka utaratibu wa kuzipima programu. Kazi hiyo iliongozwa na wataalamu wa Bratislava, akiwamo Profesa Peter Moczo wa Chuo Kikuu cha Comenius. Swali moja huwekwa wazi: ardhi ya namna hii, chanzo cha tetemeko cha namna hii, je, mtikisiko wa mahali fulani utakuwaje? Kila mwenye programu hukokotoa kwa njia yake, kisha majibu huwekwa pamoja. Yakilingana, imani huongezeka. Yasipolingana, yuko aliyekosea, na kazi ya kumtafuta huanza, pasipo kuoneana haya.

Mfano wa kufaa ni bonde la Grenoble nchini Ufaransa. Mji huo uko katikati ya milima, katika bonde lenye umbo la herufi Y, juu ya mashapo ambayo mahali pengine kina chake hufika mita 900 hivi. Mwaka 2006 vikundi vya watafiti vilialikwa kukokotoa mtikisiko wa bonde hilo, kila kimoja kwa programu yake. Mwaka 2010 yalichapishwa majibu manne yaliyolinganishwa kwa kina, yaliyopatikana kwa njia tofauti za hesabu, nayo yakakubaliana kwa karibu sana. Makubaliano ya namna hiyo humpa mhandisi sababu ya kuamini zaidi kuliko picha yoyote ya rangi.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo tunda kubwa la mtandao ule. Kompyuta za wakati ule zimekwisha kupitwa, na programu huandikwa upya. Kijana aliyezoea kuiweka kazi yake mbele ya wenzake ili waitafute kasoro huendelea na desturi hiyo maisha yake yote, na huwafundisha wanaomfuata.

USIKU WA L'AQUILA

Haja ya desturi hiyo ilionekana kwa uchungu tarehe 6 Aprili 2009 katika mji wa L'Aquila, Italia. Kwa miezi kadhaa mji ulikuwa umetikiswa na matetemeko madogo madogo, na wananchi walikuwa na hofu. Tarehe 31 Machi wataalamu walikutana mjini humo, na wananchi wakapewa maneno ya kuwatuliza. Siku sita baadaye, saa 9 na dakika 32 usiku, watu wakiwa vitandani, lilikuja tetemeko kubwa. Watu 309 walifariki. Wanane kati yao walikuwa wanafunzi waliokuwa wamelala katika bweni moja, ambalo baadaye uchunguzi ulionyesha lilikuwa na kasoro za ujenzi.

Mwaka 2012 mahakama iliwahukumu watu saba kifungo cha miaka sita kila mmoja, sita wakiwa wanasayansi na mmoja ofisa wa serikali. Hawakushtakiwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko, bali kwa namna hatari ilivyopimwa na kuelezwa kwa wananchi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliwaachia huru wale wanasayansi sita, na adhabu ya ofisa ikapunguzwa kuwa miaka miwili. Mwaka 2015 mahakama ya juu ikathibitisha hivyo.

Lolote mtu atakalofikiri juu ya kesi hiyo, somo lake kwa wanafunzi ni zito. Hakuna mwanasayansi awezaye kusema tetemeko litakuja siku gani na saa ngapi. Awezacho kusema ni kwamba mahali fulani pana ufa, kwamba udongo wa mtaa fulani utatikisika zaidi kuliko wa mtaa mwingine, na kwamba nyumba za aina fulani hazitastahimili. Kulisema hilo kwa lugha ambayo mama wa nyumbani na mwashi wataielewa, bila kutia hofu na bila kuficha, ni sehemu ya kazi. Mwaka huo huo wa 2009 vyuo kadhaa vya mtandao wa kwanza vilianza mtandao mwingine, ulioitwa QUEST, uliofunza vijana wengine hadi mwaka 2013. Elimu iliendelea, na waliokuwa wakijifunza walikuwa sasa na L'Aquila mbele ya macho yao.

WIMBI HALINA PASIPOTI

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Bonde Kuu la Ufa lapita katikati ya nchi zetu, na jina lake lenyewe latosha kuwa onyo. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa kiasi cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kujulikana barani Afrika katika karne ya 20, na mawimbi yake yalinakiliwa na mitambo ya mbali, hata Ulaya. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Bukoba na vijiji vya Kagera: tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu wasiopungua 17 wakafariki, na nyumba kwa maelfu zikapasuka au kuanguka. Wimbi halikuuliza nyumba ni ya nani, wala mpaka uko wapi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mengi ya matunda ya mafunzo hayo ya Ulaya hayakufungiwa kabatini. Mwaka 2010 watafiti wa Munich waliitangaza ObsPy, programu ya kusomea na kuchambulia michoro ya matetemeko, ambayo hutolewa bure kwa yeyote. Profesa Igel alichapisha kitabu cha kufundishia elimu hii mwaka 2016, na mafunzo yake mengine hupatikana kwa njia ya intaneti. Huko Trieste, Italia, kipo pia Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan kwa lengo la kuwasaidia wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mji huo hauko mbali na Friuli, ambako tetemeko la tarehe 6 Mei 1976 liliua karibu watu 1,000, na kwa muda mrefu kituo hicho kimekuwa na mafunzo ya matetemeko ya ardhi. Milango ipo, ingawa haipitiki bila jasho.

Jasho hilo huanza mapema. Kijana wa kazi hii huhitaji hesabu na fizikia za sekondari zilizoshikwa barabara, kisha shahada ya kwanza, kisha ya pili, kisha miaka mitatu au minne ya utafiti. Tangu daftari la hesabu la kidato cha kwanza hadi siku atakapoweza kumwambia mhandisi, "Hapa udongo utakuza mtikisiko, ongeza chuma," yaweza kupita miaka 15. Kwa hiyo mzazi anayemwona binti yake akikesha juu ya jometri asimwambie kwamba hizo si kazi za wasichana. Na mwalimu anayeulizwa swali asiloweza kulijibu asilizime kwa ukali, bali amsaidie mtoto kutafuta mahali pa kulijibia.

Wakati tukiwangoja vijana hao, kuna yaliyo ndani ya uwezo wetu leo. Anayejenga aulize udongo wa kiwanja chake kabla ya kuchimba msingi. Asikubali kuta za tofali zisizofungwa pamoja kwa ukanda wa zege na nondo, wala paa zito juu ya nguzo nyembamba. Mwenye nyumba yenye nyufa asizipake rangi tu akaridhika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nchi ya Bonde la Ufa, huenda usipate nafasi ya kuujenga.